"Kick the bucket" haipelekwi msibani

Katika orodha za nahau za Kiingereza zinazoandikwa ubaoni katika shule zetu, "kick the bucket" ni ya kutegemewa. Mwalimu huandika nahau upande wa kushoto, upande wa kulia huandika "to die", wanafunzi hunakili, na somo huhamia kwenye nahau inayofuata. Siku ya mtihani, aliyekumbuka kwamba maana yake ni kufa hupewa alama yake. Kuanzia hapo mwalimu na mwanafunzi wote wawili huamini kwamba nahau imefundishwa na imeeleweka.

Mfikirie sasa mwanafunzi huyo miaka kumi baadaye. Ameajiriwa katika kampuni ambayo meneja wake amekulia kwenye Kiingereza, na asubuhi moja inaingia taarifa kwamba meneja huyo amefiwa na baba yake. Kijana wetu ana moyo mwema. Anataka kutuma salamu za pole, na anataka Kiingereza chake kionekane cha mtu aliyesoma, kwa hiyo anapekua kumbukumbu zake za shule na kuibuka na nahau. Anaandika kwamba amesikitika sana kusikia kuwa mzee "has kicked the bucket". Sarufi ni sahihi, tahajia ni sahihi, na maana, kwa mujibu wa daftari lake la kidato cha pili, ni sahihi pia. Lakini anachokisoma mfiwa ni dhihaka juu ya maiti ya baba yake.

Simlaumu kijana huyu hata kidogo. Amefanya kile alichofundishwa: amechukua msemo wenye maana ya kufa akautumia mahali penye kifo. Waliomkosea ni wale waliomwambia kwamba nahau ni fumbo lenye jibu moja, na kwamba ukishalijua jibu kazi imekwisha. Nimeichagua nahau hii moja kwa makusudi, kwa sababu maana yake ni nyepesi kuliko zote, haina utata wowote, na bado ndiyo inayoweza kumwangusha mtu vibaya kuliko nyingi. Ugumu wake wote uko kwenye matumizi.

Tuigeuze hali ili tuione vizuri. Mgeni kutoka Norway anajifunza Kiswahili Zanzibar. Naye ana orodha yake ya nahau, maana orodha hizo ziko pia katika vitabu vyetu vya Kiswahili: kukata kamba, kufa, kukata roho, kufa, kuaga dunia, kufa. Jirani yake anafiwa. Mgeni anavaa kanzu aliyoinunua Darajani, anaingia kwenye matanga kwa heshima zote, anampa mfiwa mkono na kusema: "Poleni sana, nimesikia mzee amekata kamba." Hakuna kamusi inayoweza kumtetea. Waliokaa kwenye mkeka watatazamana, na mtu mzima mmoja atamvuta pembeni amweleze. Sisi hatukuwahi kufundishwa darasani kwamba kukata kamba hakusemwi mbele ya mfiwa. Tulikua tukisikia nani anasema, anamsema nani, na wakati gani, na masikio yakatufunza.

Kiswahili kina maneno mengi ya kifo, na aliyekulia ndani yake hayachanganyi. Kufa ni kitenzi cha msingi. Ndicho kilichobeba methali na mahubiri, lakini ukikielekeza kwa mzazi wa mtu aliye mbele yako kinakwaruza. Utasema amefariki, amefariki dunia, ameaga dunia. Waislamu wa pwani watasema ametangulia mbele ya haki. Wakristo watasema amelala katika Bwana, au Bwana amemtwaa. Kukata roho kunaieleza ile dakika yenyewe, pumzi ya mwisho, kwa hiyo hutoka kinywani mwa aliyekuwapo kando ya kitanda. Kukata kamba kuna mzaha ndani yake. Kudanja ni kwa vijana wa Dar es Salaam na kudedi ni kwa Sheng ya Nairobi, na hakuna kijana mwenye akili timamu anayelipeleka lolote kati ya hayo mawili kwa mama aliyefiwa. Vifaa navyo hufa tu: betri imekufa, simu imekufa, injini imekufa. Anayesema betri yake imeaga dunia anataka watu wacheke.

Hesabu ni ndefu, na kila neno katika hesabu hiyo lina mahali pake, wasemaji wake, na marehemu wake. Kiingereza nacho kina hesabu kama hiyo. Mwanafunzi anayepewa nahau moja tu kutoka humo bila kuambiwa ilikokaa, amepewa silaha bila kuonyeshwa upande wenye makali.

Tuanze na ilikotoka. Mwaka 1785, Francis Grose, mwanajeshi na mpenzi wa mambo ya kale, alichapisha London kamusi ya lugha ya mitaani, A Classical Dictionary of the Vulgar Tongue. Aliyakusanya maneno ambayo makamusi ya wasomi wa zamani zake yaliyapita kando: ya wezi, ya askari, ya mabaharia, ya wanywaji wa vilabuni. Mojawapo ya misemo aliyoiweka humo ni "kick the bucket", na maana aliyoipa ni hii hii ya kufa. Kwa hiyo zaidi ya miaka 200 iliyopita nahau hii ilikuwa tayari inasimama upande wa mtaa, pamoja na matusi na majina ya pombe. Haikuzaliwa kwenye waraka wala kwenye sala ya maziko. Jambo hilo moja, lingeandikwa ubaoni kando ya "to die", lingemwokoa kijana wetu.

Kuhusu kwa nini ndoo, na kwa nini teke, hadithi ni tatu. Ya kwanza, ambayo walimu huipenda kwa sababu inakumbukika, inasema mtu aliyetaka kujinyonga alisimama juu ya ndoo, akafunga kitanzi, akaipiga ndoo teke. Hakuna aliyewahi kuleta ushahidi wake. Ya pili inataja ndoo ya maji ya baraka iliyowekwa miguuni pa maiti katika mila za Kikatoliki, na hiyo nayo inaning'inia hewani. Ya tatu ina mizizi zaidi. Katika lahaja za mashariki ya Uingereza, hasa Norfolk, "bucket" lilikuwa pia jina la mti au boriti ya kuning'inizia vitu. Nguruwe aliyechinjwa alitundikwa kwa miguu ya nyuma kwenye boriti hiyo, na katika mtukutiko wa mwisho miguu yake iliipiga. Shakespeare mwenyewe alilitumia neno hilo kwa maana ya mti wa kubebea mizigo ya watengeneza bia, katika Henry IV, Sehemu ya Pili. Mimi naegemea hadithi hii ya tatu, kwa kuwa angalau ina neno lililothibitika kuwa lilikuwapo.

Ila nina wasiwasi na jinsi hadithi za asili zinavyotumiwa darasani. Ile ya kujinyonga inavutia, mwanafunzi anaikumbuka, kisha anadhani nahau yenyewe ina maana ya kujiua. Haina. Na kifo cha kujiua ndicho kifo ambacho nahau hii isingepaswa kukikaribia kamwe, kwa sababu hapo mzaha unageuka ukatili. Asili ya nahau ni elimu nzuri kwa anayependa historia. Kwa anayetaka kuitumia haina msaada mkubwa, na wakati mwingine inapotosha.

Kuna jambo jingine ambalo safu mbili za ubaoni haziwezi kulionyesha, nalo ni sarufi ya ndani ya nahau. Wanaisimu wameichunguza "kick the bucket" kwa bidii ambayo huenda ikamshangaza msomaji. Wallace Chafe aliijadili mwaka 1968 akionyesha inavyozitatiza nadharia za sarufi za wakati huo. Bruce Fraser, mwaka 1970, alizipanga nahau za Kiingereza kwa kadiri zilivyoganda, kuanzia zile zinazokubali kupinduliwapinduliwa hadi zile zisizokubali kuguswa. Mwaka 1994, Geoffrey Nunberg, Ivan Sag na Thomas Wasow waliandika katika jarida la Language makala ambayo bado inasomwa, wakizitenganisha nahau ambazo vipande vyake vina kazi katika maana na zile ambazo maana imelala juu ya fungu zima bila kugawanyika.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ukiichukua "spill the beans", kumwaga maharage, yaani kufichua siri. Hapo maharage ni siri na kumwaga ni kufichua, kila kipande kina mzigo wake. Ndiyo maana Mwingereza anaweza kusema maharage yamemwagwa, au nani ameyamwaga, na bado akaeleweka kuwa anazungumzia siri. Kiswahili kina ndugu yake kabisa: kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Mtama ni habari, kuku ni watu, na unaweza kusema mtama umeshamwagwa, au kuuliza huo mtama ameumwaga nani, na nahau ikaendelea kupumua.

"Kick the bucket" haina uhai wa namna hiyo. Ndoo si kitu chochote katika maana, na teke si kitendo chochote. Ukiiweka nahau katika kauli ya kutendwa, ukasema ndoo imepigwa teke na mzee, kifo kinatoweka na inabaki ndoo ya kweli imelala ubavu uani. Ukisema "a bucket" badala ya "the bucket", imeharibika. Ukiiongezea ndoo sifa, ukasema ndoo kuukuu au ndoo ya bluu, imekwisha. Kinachobadilika ni njeo na mtendaji tu: amefanya, atafanya, kabla sijafanya. Kukata kamba kuna tabia hiyo hiyo. Amekata kamba ni mtu. Kamba imekatwa ni mbuzi ametoroka.

Na kuna kitu kidogo zaidi ambacho nakihesabu kuwa ndicho kizuri kuliko vyote katika uchunguzi wa nahau hii. Kiingereza kinakubali kusema mtu "was dying" kwa wiki tatu, yaani alikuwa akienda polepole, anazidiwa siku hadi siku. Hakikubali kusema mtu huyo "was kicking the bucket" kwa wiki tatu. Nahau haina muda ndani yake; ni tukio la mara moja, na likishatokea limeisha. Kwa hiyo hata ile kauli kwamba maana yake ni kufa haijatimia. Kufa kunaweza kuchukua miezi. Hii haichukui hata dakika. Daftari la mwanafunzi liliweka alama ya sawasawa kati ya vitu viwili visivyo sawa.

Sasa tuje kwa watu, kwa sababu hapo ndipo nahau hii inapoishi. Nani anaweza kuitumia, na akimsema nani?

Salama ya kwanza ni kujisema mwenyewe. Mzee wa Kiingereza akiwaambia wajukuu kwamba nyumba itakuwa yao "when I kick the bucket", hakuna aliyekosewa. Anakichezea kifo chake, naye ana haki nacho. Kadhalika anayesema anataka kuiona bahari ya Hindi "before I kick the bucket". Ukikusanya mifano kutoka vitabuni na kwenye mazungumzo utakutana na "before I" na "when I" mara nyingi mno, na hilo linafundisha kuliko ufafanuzi wowote: mtu anaitoa nahau hii juu ya nafsi yake kwa urahisi kuliko anavyoitoa juu ya mwenzake.

Salama ya pili ni umbali. Katika simulizi ya kuchekesha juu ya tajiri bahili wa riwaya, au mjomba asiyewahi kuonekana aliyeacha urithi usiotarajiwa, nahau hii inapita. Msikilizaji hana huzuni na marehemu huyo, na msimuliaji anajua hivyo. Inatumika pia kwa vitu: friji iliyochoka, gari lililogoma. Wachekeshaji wa Monty Python waliitumia vizuri katika kichekesho chao maarufu kilichorushwa na BBC mwezi Desemba 1969, ambamo mteja anamrudishia mwenye duka kasuku aliyekufa na kumrundikia misemo ya Kiingereza ya kifo mmoja baada ya mwingine, huu ukiwamo. Rundo lile linachekesha kwa kuwa aliyekufa ni ndege wa dukani na hakuna mfiwa chumbani. Badilisha kasuku awe mtoto wa mtu, na kila msemo unageuka jiwe. Miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1963, Stanley Kramer alikwenda mbali zaidi katika filamu ya It's a Mad, Mad, Mad, Mad World: mhusika anayechezwa na Jimmy Durante anakata roho na wakati huo huo mguu wake unaipiga ndoo halisi ikaviringika. Mtazamaji asiyeijua nahau anaona ndoo tu.

Hatari iko palipo na ukaribu. Mfiwa yuko mbele yako, au ataisoma barua yako, au marehemu ni mtoto, au kifo ni cha ajali, cha mauaji, cha ugonjwa ulioitesa familia. Hapo nahau hii haina ruhusa.

Watanzania tunalo somo letu wenyewe juu ya ruhusa ya namna hiyo, nalo ni utani. Mtani anafika msibani, Mpare kwa Mchaga au Mnyamwezi kwa Mzaramo, anamsema marehemu waziwazi, anamwita mvivu na mlafi, pengine anazuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Maneno yale yale yakitoka kwa mtu asiye mtani ni ugomvi wa ukoo. Maana za maneno hazijabadilika hata kidogo kati ya msemaji mmoja na mwingine. Kilichobadilika ni uhusiano, na uhusiano huo una historia, una majina, na kila aliyepo anaujua. Mwalimu anayetaka kumweleza mwanafunzi wa Kitanzania kwa nini "kick the bucket" inachekesha hapa na kuumiza pale, asianze na Uingereza. Aanze na mtani wa nyumbani kwao.

Nahau hii imezaa mtoto ambaye amekwenda mbali na mzazi wake. Mwaka 2007 ilitoka filamu ya Rob Reiner, The Bucket List, ambamo Jack Nicholson na Morgan Freeman wanacheza wazee wawili wenye saratani wanaoandika orodha ya mambo ya kufanya kabla hawajafa. Jina la filamu limetokana moja kwa moja na nahau yetu: orodha ya kabla ya kuipiga ndoo. Baada ya filamu hiyo msemo ulisambaa duniani kote, na leo matangazo ya utalii yanazungumza hivyo kuhusu kupanda Kilimanjaro na kuwaona nyumbu wakivuka mto Mara. Mwongozo wa watalii wa Moshi husikia "bucket list" karibu kila msimu, pengine bila kujua kwamba kuna kifo ndani yake.

Cha kuzingatia ni kwamba mwongozo huyo hana haja ya kuogopa. Anaweza kumuuliza bibi wa miaka 75 kutoka Ohio kama Kilimanjaro kilikuwa kwenye "bucket list" yake, na bibi atafurahi. Harufu ya kifo imekwisha humo, au imebaki kidogo sana. Lakini akidhani kwamba kwa kuwa mtoto anakaribishwa basi mzazi naye anakaribishwa, na akamuuliza bibi kama alitaka kupanda mlima "before you kick the bucket", amemwambia mgeni wake kwamba anaonekana yu karibu kufa. Neno moja katika nahau halirithishi tabia ya nahau nzima.

Kuna safari nyingine kama hiyo katika Kiingereza, na inatuhusu zaidi kwa sababu inapita kwenye Biblia. Katika tafsiri ya King James ya mwaka 1611, kifo cha Yesu msalabani katika Marko 15:37 kinaelezwa kwa "gave up the ghost". Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, mahali hapo hapo pana kukata roho. Nahau mbili zikakutana kwenye aya moja, na mwanafunzi mwenye akili anaweza kuhitimisha kwamba ni sawa. Zamani zilikuwa karibu kuwa sawa. Leo "give up the ghost" husemwa zaidi juu ya mashine ya kufulia au injini iliyogoma njiani, huku kukata roho kumebaki kando ya kitanda cha mgonjwa. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba shangazi yako "gave up the ghost" jana hospitalini, msomaji atashtuka, ingawa umetumia maneno ya Maandiko.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye faida kubwa kuliko yote kwa mwandishi wa Kiswahili anayeandika Kiingereza. Ngazi za heshima za lugha hizi mbili hazikupangwa kwa vipimo sawa. Kwetu, neno la kawaida la hadharani ni kufariki. Kufa ni chini kidogo ya hapo, kunahitaji uangalifu. Mswahili anapoandika Kiingereza hubeba kipimo hicho, akaiogopa "died" kana kwamba ni amekufa, kisha akatafuta kitu kirefu zaidi, na katika kutafuta ndipo anapoangukia kwenye nahau. Lakini katika Kiingereza "died" halikwaruzi. Ni neno la kati, safi, la heshima. Miongozo ya uandishi ya vyombo vikubwa vya habari, ukiwamo wa shirika la Associated Press na wa gazeti la The Guardian, huwataka waandishi waandike "die" na waachane na tafsida. Taarifa ya kifo cha mfalme na taarifa ya kifo cha mkulima hutumia kitenzi hicho kimoja. "Passed away" ni laini, ya mazungumzo na ya barua za binafsi, na mfiwa huipokea vizuri. "Promoted to glory" imetoka kwa Jeshi la Wokovu na imeota mizizi katika matangazo ya vifo ya magazeti ya Kenya, ambako msomaji anaielewa. Ukiipeleka katika ofisi ya watu wasio wa dini hiyo, huko London, itawatatiza.

Basi nahau zifundishweje? Wala sisemi zifutwe kwenye mtaala. Nahau ni utajiri, na msomaji asiyezijua atapotea katika riwaya, katika filamu na katika vikao. Utafiti wa David Swinney na Anne Cutler wa mwaka 1979 ulionyesha kwamba wazungumzaji wa Kiingereza huzitambua nahau zao kwa haraka kuliko mafungu ya kawaida ya maneno yenye urefu kama huo. Kwao nahau ni kitu kizima kilicho tayari kichwani, hakijengwi upya kila mara. Anayejifunza ukubwani hana akiba hiyo, na hawezi kuipata kwa orodha. Ataipata kwa kuikuta nahau ile ile mara nyingi, katika vinywa tofauti.

Kwa hiyo naomba kwanza tutenganishe kuelewa na kusema. Mwanafunzi azielewe nahau mamia, na azitamke chache. Hakuna hasara kwa mtu anayesikia "kick the bucket", akaielewa, akajibu kwa "die". Hasara iko kwa anayeitamka kabla hajaisikia ikitumiwa na wenyewe.

Pili, tujifunze kusoma kamusi yote. Kamusi ambayo wengi wetu tumeibeba shuleni, Oxford Advanced Learner's ya A. S. Hornby, ilitolewa kwanza Tokyo mwaka 1942 kwa ajili ya wanafunzi wa Kijapani, na jina lake la awali lilikuwa Idiomatic and Syntactic English Dictionary. Nahau zilikuwa moyoni mwa kazi hiyo tangu mwanzo. Makamusi ya aina hii huweka kabla ya maana alama fupi: si rasmi, ya mzaha, ya kizamani, ya Uingereza tu. Wanafunzi huziruka alama hizo kwenda moja kwa moja kwenye maana. Katika "kick the bucket" alama ndiyo inayobeba onyo, na maana ndiyo sehemu rahisi.

Tatu, na hili nalielekeza kwa watunga mitihani, swali liulizwe kwa namna nyingine. "Toa maana ya nahau ifuatayo" linapima kumbukumbu. Mpe mtahiniwa hali nne: barua kwa mwalimu mkuu aliyefiwa na mke, hadithi ya kuchekesha juu ya jogoo wa jirani, taarifa ya habari, na babu anayetania wajukuu wake kuhusu wosia. Muulize ni wapi nahau hii inafaa, na kwa nini. Atakayejibu vizuri ataonyesha kwamba anakijua Kiingereza, na pia kwamba anawajua watu.

Mwalimu unayesoma safu hii, ongeza safu ya tatu ubaoni kesho, uandike humo nani husema na kwa nani. Nawe uliyekusudia kutuma salamu za pole kwa Kiingereza leo, andika "I am very sorry to hear that your father has died", au "has passed away" kama mnafahamiana kwa karibu, kisha weka jina lako.